Mkunga Aliyeeleza Nyumba Nzima: Adela Mukamurenzi (1913–1958)

Adela Mukamurenzi, tunayemzika leo hapa Rubavu, alizaliwa Rugerero tarehe 14 Machi 1913, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Hitimana na marehemu mama Mukankusi. Mama yake alisimulia kwamba tangu utotoni hakukubali kunywa dawa chungu mpaka aonyeshwe kwanza majani yaliyochemshwa.

Alisoma kwa masista wa Nyundo, kisha akajifunza ukunga na kufaulu mwaka 1936. Alirudi Gisenyi, akaajiriwa katika zahanati alikofanya kazi mpaka mwaka jana.

Tarehe 6 Agosti 1938 aliolewa na Straton Sibomana, baharia wa mashua za mizigo ziwani. Walikaa mtaa wa Nengo pamoja na mama mkwe wake, Nyiramana. Straton hupenda kusema kwamba yeye alipata mke, na mama yake akapata mtu wa kubishana naye. Walijaliwa watoto watatu: Damascène, Mukakalisa na Faustin.

Mwaka 1951 Adela alimchanja Faustin ndui, akamrudisha nyumbani, akaenda kazini. Hakueleza kitu, aliona jambo limekwisha. Mama Nyiramana alipokuta mkono wa mjukuu umekwaruzwa, aliupangusa kwa majani na majivu, kama wazee wengi walivyofanya. Mkono haukuvimba. Adela alijua maana yake, kwamba chanjo haikushika, lakini kwa wingi wa kazi akaahirisha kumchanja tena. Ndui ilipofika mtaani ilimpata mtoto, naye alifariki tarehe 2 Juni 1952.

Baada ya mazishi, Mama Nyiramana alimwambia: “We mutoto wangu, kama ungeniambia mukono itavimba na mutoto atashikwa na moto ya mwili, singepangusa. Mi nilizani wamemuumiza.” Ni Mama Nyiramana mwenyewe aliyeomba maneno haya yasomwe leo.

Tangu hapo Adela hakutosheka kuzungumza na akina mama peke yao kwenye benchi la zahanati. Alisubiri siku ya mtoto kupewa jina, kwa sababu siku hiyo baba, bibi na shangazi wote wako chini ya paa moja, na hao ndio huamua. Alikaa mkekani, akala pamoja na watoto, kisha akaeleza chanjo inazuia nini, mkono utavimba vipi, homa itakuwaje, na ni dalili gani ya kuwakimbiza zahanati. Hakumlazimisha mtu. Walioomba kufikiri aliwaacha wafikiri, akarudi siku nyingine. Fundi Kadiri, mshonaji wa mjini, alimkatalia kwenye akika ya mwanawe na akamkatalia tena baadaye. Mwishowe alimleta mtoto mwenyewe, akasema amechoka kumpikia chai mama huyu.

Mama Nyiramana alifuatana naye katika nyumba hizo. Wazee wenzake walimtania kwamba sasa amekuwa daktari wa miguu peku. Alijibu: “Daktari iko huyu. Mi ninawaonyesha kosa yangu tu.”

Oktoba 1957 Adela aligundua uvimbe kwenye titi. Daktari alishauri apelekwe Bukavu kupasuliwa. Adela aliuliza itakuwaje akipasuliwa, na itakuwaje asipopasuliwa, wala hakuinuka kitini mpaka akajibiwa. Ugonjwa ulikuwa umeenea. Kisu kingeweza kumwongezea miezi, au kumwondoa hukohuko mbali na kwake. Jumapili iliyofuata alikusanya nyumba yake, akaeleza kama alivyozoea kueleza katika nyumba za wengine. Straton alitaka aende. Adela alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sasa munajua yote ninayojua. Mi nachagua kubaki.” Kesho yake Straton alisogeza kitanda cha mkewe karibu na dirisha linalotazama ziwa.

Adela alifariki tarehe 9 Mei 1958, asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Majirani walitaka kumtoa Mama Nyiramana chumbani asije akaona. Aliendelea kumshika mkono mkwewe, akawaambia, “Muniache. Mi niliambiwa yote.”

Ameacha mume, Straton. Watoto wawili, Damascène na Mukakalisa. Mama mkwe, Nyiramana. Ndugu zake wa Rugerero. Na watoto wengi wa Gisenyi wenye kovu dogo begani, ambao wazazi wao walijua kwa nini.

Mungu amjalie pumziko la amani.