Nati Moja Juu ya Turubai

Saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi, nikiwa nakunja turubai, niliiona nati ya gurudumu. Gari lilikuwa limeondoka dakika mbili kabla. Niruhusuni, wanakikundi wenzangu wa kuweka na kukopa, nianzie hapo hata kabla ya salamu, kwa sababu salamu ndiyo iliyoleta yote nitakayowaambia.

Wengi mnanijua kwa duka la vipuri. Wachache mnajua kwamba mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, ni dereva wa mashindano ya magari, na kwamba mimi ndiye ninayempangia watu wa sevisi. Kazi yenyewe iko hivi. Gari hukimbia kipande cha barabara kilichofungwa, likimaliza huja uwanjani tulipotandika turubai, na tunapewa dakika ishirini tu. Ndani ya dakika hizo tubadilishe matairi, tukague breki, tujaze mafuta. Ukichelewesha gari linapigwa adhabu. Likishatoka uwanjani, hakuna fundi anayeruhusiwa kuligusa tena. Dereva na msoma ramani wake wanaweza kulitengeneza wenyewe njiani, kwa spana walizobeba humo ndani. Sisi hatuna ruhusa hata ya kumshikia boneti.

Mimi niliishia darasa la saba. Hayo niliyasoma mwenyewe, kitabu cha ufundi mkono wa kulia, kamusi mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilipanga watu wangu kwa makini. Shemeji yangu mkubwa nilimpa matairi ya kulia. Shemeji mdogo jeki na mafuta. Matairi ya kushoto nilimpa baba mkwe wangu, kwa sababu amekuwa fundi wa malori tangu sijazaliwa na mkono wake haujawahi kuniangusha. Mimi nilishika saa, na ile spana ya kupimia, inayolia tik nati ikifika ukazo wake. Kazi yangu ilikuwa kupita nyuma ya kila mtu na kuipima kila nati.

Mliohamishiwa huku, walimu na wauguzi, hapa mnaweza kucheka. Lakini ninyi wenyeji mmeshajua nilipokosea.

Asubuhi ile tulikuwa Genkuru, kwenye uwanja wa mpira. Gari liliingia limejaa vumbi, likapandishwa jeki, kila mtu akachuchumaa mahali pake. Nilianza kulia. Shemeji alikuwa amemaliza, nikaweka spana yangu juu ya nati zake.

"Shemeji," akasema, "unanipima kama mtoto wa kliniki. Uzito umeongezeka?"

"Umepungua. Hii ya juu imelegea."

"Basi nipe uji."

Tukacheka, akakaza. Nikazunguka kwenda kushoto, na hapo nikasimama. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma. Kwetu mkamwana hamsogelei baba mkwe aliyechuchumaa. Hapitishi mkono mbele ya uso wake. Kupima kazi ya mikono yake mbele ya wanawe ni kumwambia hadharani kwamba amezeeka. Nilikuwa nimeandaa kila kitu, vipuri, mafuta, maji, hata miavuli, lakini hilo sikuliandaa. Nilimweka katika orodha ya mafundi kana kwamba ni fundi tu.

Nikiwa nimesimama hapo, kikundi cha walimu kikapita kuangalia gari. "Shikamoo mzee!" Baba akasimama. Hajawahi kuitikia salamu akiwa amechuchumaa, hata siku moja. Akanyooka, akajifuta mikono, "Marahaba, wanangu. Hamjambo? Shule inaendeleaje?" Wakajibu, wakauliza habari za nyumbani, akauliza habari za makwao. Kisha akainama, akaokota spana yake ya msalaba, akaiweka begani, akarudi nyuma. Alidhani amemaliza.

Niliona. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: niliona. Moyo uliniambia, lile tairi halijakazwa. Spana ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu. Nikaangalia saa, nikajidanganya kwamba muda umekwisha, nikampungia mdogo wangu mkono. "Nenda." Akaenda.

Baada ya dakika mbili, nati ile pale juu ya turubai.

Gurudumu lina nati tano. Moja ikikosekana, nne zinaweza kulibeba, zikiwa zimekazwa. Zisipokazwa zinajifungua zenyewe kidogo kidogo kila gari linapotikisika. Gari linalokwenda taratibu barabarani litavumilia. Lakini mdogo wangu alikuwa anakwenda Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, kuanza kipande chenye mteremko mrefu na kona inayoishia kwenye korongo. Alinionyesha kona hiyo wiki iliyotangulia akasema, "Dada, hapa sitakanyaga breki." Angeanza saa tano na dakika tano.

Nilimpigia. Simu imezimwa. Nikampigia msoma ramani wake, binti mmoja. Imezimwa. Ni utaratibu wao, na mimi ndiye niliyewashauri, ili simu zisiwasumbue.

"Shemeji, washa pikapu!"

Akaniangalia usoni, akatoa ufunguo mfukoni. Baba akapanda mbele, mimi katikati, shemeji kwenye usukani. Shemeji mdogo tulimwacha alinde vyombo. Tulikwenda kama kilomita moja nikiwa nimeibana ile nati kiganjani hadi ikaniumiza, na bado sikuwa nimesema neno. Nilimwogopa mzee aliyekaa bega kwa bega nami kuliko nilivyoliogopa lile korongo. Hivyo ndivyo hofu ilivyo. Ile iliyo karibu huifunika iliyo mbali, hata kama ya mbali ndiyo itakayoua.

Mwishowe nikasema, macho yangu kwenye kioo cha mbele, "Shemeji, mwambie baba kwamba tairi la nyuma la kushoto halikukazwa."

Shemeji akapunguza sauti. Baba alikuwa amekaa hapo hapo, goti lake limegusa mlango. "Baba," akasema, "shemeji anasema tairi la nyuma la kushoto..."

"Mwambie nimesikia."

"Shemeji, baba anasema amesikia."

"Mwambie ni nati hii." Nikafungua kiganja.

Baba aliitazama. Sikuthubutu kumwangalia usoni, niliiona mikono yake tu. Akaiingiza katikati ya magoti, akaibana hapo.

"Hatutamfikia," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. "Huyo anaendesha. Huyu wangu anasukuma mkokoteni."

"Baba, nimekanyaga hadi mwisho!"

"Najua. Panda kile kilima. Simama juu."

Sikuelewa, na shemeji hakuelewa, lakini alitii. Kule juu baba alishuka, akapanda nyuma kwenye bodi ya pikapu, mzee wa umri ule, akaiinua simu yake ndogo ya vitufe juu ya kichwa akitafuta mtandao. Anaye mtu wa rika lake Busawe, walioingia jandoni msimu mmoja, mfugaji ambaye boma lake liko jirani na pale magari yalipoanzia. Simu ikaita. Ikakatika. Akageuka upande wa pili, ikaita tena.

Mnazijua salamu za wazee wetu. Nyumbani, ng'ombe, mvua, watoto, wajukuu, kila moja kwa zamu yake, na huwezi kuruka hata moja. Nimemsikia baba akisalimiana na mtu huyo huyo hadi salio likaisha kabla hajasema shida. Nilisimama chini nimeshika ubavu wa bodi, nikaisikia ile sauti ya upande wa pili ikianza kwa furaha, ikivuta. Nikafumba macho.

Baba akapaza sauti, akimwita kijana kwa lugha yetu: "Mura, usinisalimie!"

Hakusubiri jibu, akaendelea:

"Usinisalimie. Kimbia barabarani. Gari la bluu lenye mstari mweupe. Simama mbele yake. Waambie tairi la nyuma la kushoto, nati zimelegea, wakaze wenyewe. Nyuma, kushoto. Ni mimi nimeliacha wazi. Mimi. Kimbia, mura!"

Halafu simu ikakatika. Hatukujua amesikia mpaka wapi.

Tuliendelea. Kwenye daraja la Mto Mara tulikuta ng'ombe, si kumi wala ishirini, wamejaa daraja zima, na mchungaji anapiga mluzi kana kwamba dunia yote ni yake. Shemeji alipiga honi, ng'ombe mmoja akageuka kututazama. Hakuna aliyecheka. Ng'ombe wakapita, tukavuka, na tulipoanza kukaribia Busawe tukasikia injini. Naijua injini ile kama ninavyoijua sauti ya mwanangu. Ilipanda, ikabadili gia, ikapanda tena, ikaondoka kuelekea mteremkoni.

Alikuwa ameanza.

Shemeji akasimamisha gari. Sote watatu tukasikiliza. Nimekwisha zika watu, nimekwisha uguza. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza injini ile. Ilipungua, ikawa kama nyuki, kisha ikanyamaza, na sikujua kama imenyamazishwa na kilima au na korongo. Nilitaka kusali nikasahau maneno. Nilikuwa nikirudia tu, nyuma, kushoto, nyuma, kushoto.

Kisha tukamwona mzee mwenye fimbo anakuja barabarani, katambuga moja mguuni, nyingine mkononi. Shati limelowa jasho. Baba akashuka. Walisimama wakitazamana, na yule mzee, badala ya kusema habari, akasema kwa hasira:

"Kwanza nisalimie!"

Baba akamsalimia. Nyumbani, ng'ombe, mvua, watoto. Yote. Mimi nikiwa ndani ya pikapu nimeuma kitambaa. Walipomaliza, mzee akasema, "Wale vijana wenye bendera walitaka kunipiga. Nikawaambia nipigeni, lakini gari hili haliendi. Yule binti aliyekaa kushoto alishuka, akatoa spana yake mwenyewe. Nati mbili alizizungusha kwa vidole, namna hii. Moja haikuwepo kabisa. Amezikaza nne akiwa amepiga magoti vumbini, mpaka akaning'inia kwenye ile spana. Halafu wakaenda."

Nililia hapo, mbele ya baba mkwe, mbele ya mzee mgeni, jambo ambalo pia halifai.

Mdogo wangu alimaliza kile kipande salama. Lakini gari lilirudi Genkuru kwa sevisi nyingine, na hapo ndipo nilipoanguka hasa. Spana ilinidondoka mara mbili. Nilimwambia shemeji, pima wewe, mimi nimekwisha, sitashika kazi hii tena. Dakika zilikuwa zinakwenda. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye tairi lile lile. Walimu wale wale walipita, "Shikamoo mzee," na safari hii hakusimama. Aliinua mkono mmoja tu, akaendelea kukaza. Alipomaliza alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akaniita mwenyewe bila kupitia kwa mtu.

"Mama," akasema, "njoo ukague."

Nilibaki nimesimama.

"Njoo. Mimi ndiye ninayekuita. Aibu ni yangu, na leo sina."

Nikapiga magoti mahali alipokuwa amechuchumaa. Tik. Tik. Tik. Tik. Tik. Zote tano. Akasema, "Na la mbele," nikapima la mbele.

Msifikiri hofu iliishia hapo. Baada ya siku ile nilifunga duka wiki mbili. Injini ikinguruma barabarani nilikuwa naingia chumbani. Ninyi ndio mliokuja mmoja mmoja, mkakaa sebuleni kwangu bila kuniuliza kitu, na mmoja wenu akasema tu, "Jumatano zamu ya ufunguo ni yako, usipokuja sanduku halifunguki." Nikaja. Nilipoliona sanduku letu na kufuli zake tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, nilijishangaa. Miaka yote hii nimekaa mbele yake, na hakuna hata mmoja wetu anayesema ufunguo wa mwenzake ni tusi. Tulikwisha kubaliana tangu siku ya kwanza, kabla fedha haijaingia. Mimi nilikuwa nimesubiri mpaka gari liko juu ya jeki ndipo nianze kuwaza adabu.

Sasa kabla ya kila mashindano nawaketisha watu wangu nyumbani kwa baba, na yeye mwenyewe ndiye anayewaambia: kila mkono utapimwa, wa kwanza ni wangu. Na tairi likiwa wazi hakuna salamu. Nawashauri nanyi, penye heshima kubwa mpange ukaguzi mapema, mwenye heshima akiwepo, naye aseme ndiyo kwa kinywa chake.

Namshukuru yule mzee wa Busawe aliyekimbia bila kusalimiwa. Namshukuru binti aliyepiga magoti vumbini. Nawashukuru ninyi. Na baba yuko pale nyuma, amekataa kiti cha mbele, baba, asante.

Nati yenyewe ndiyo hii, naiweka mezani muipitishe. Sikuirudisha kwenye gari. Nilichukua nyingine katika vipuri nilivyokuja navyo kutoka dukani kwangu, nikailipia kwa bei ile ile ninayowauzia ninyi. Hasara yote ya siku ile, ndugu zangu, ni shilingi elfu mbili na mia tano.