Mama Zamu na Zahanati Nne za Barabara Moja

Daktari tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri la ukoo, lakini tangu sisi watoto wake tupate akili, mtaa mzima ulimwita Mama Zamu, naye aliitika. Alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mkewe mshonaji. Bibi alisimulia kwamba binti huyu aliwafunga kuku bandeji, wagonjwa kwa wazima, na kuku wenyewe walimvumilia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Hesabu zilimtoa jasho kweli kweli, lakini alikaza roho, akahitimu udaktari mwaka 1978 na kuajiriwa hospitali kuu. Huko ndiko alikokuja mwalimu mmoja wa hesabu mwenye jipu mgongoni, akilalamika kuliko wajawazito wote wa wodi ya jirani. Baba mwenyewe hupenda kusema, "Nilikwenda na jipu, nikarudi na mchumba." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984 alifungua zahanati yake ya vyumba viwili kwenye barabara ya soko. Tayari kulikuwa na nyingine tatu hapo, na jamani, madaktari wale hawakuwa wakisalimiana! Kila mmoja aliwaambia wagonjwa kwamba sindano za mwenzake ni maji matupu. Mkali wao alikuwa Daktari Kufuli, aliyeitwa hivyo kwa kufuli lake la mlangoni, kubwa kama la ghala. Jumapili ikifika, wote wanne walifunga.

Jumapili moja ya mwaka 1987, Mama alipitia kazini kuchukua miwani aliyoisahau. Akamkuta mlangoni mwanamke amembeba mtoto ambaye kifua kilikuwa kinapiga miluzi, midomo imeanza kuwa ya bluu. Alikuwa amegonga milango mitatu, huo ulikuwa wa nne na wa mwisho. Mtoto alipona. Mama ndiye hakupona swali lile: kama si miwani, je?

Akawaalika wale watatu sebuleni kwetu. Walikaa kila mtu kona yake, chai inapoa. Mama akawaomba wapeane zamu, ili siku zote za Mungu mlango mmoja uwe wazi. Daktari Kufuli akakunja uso: "Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne!"

"Basi tuwe ng'ombe wa maziwa," Mama akamjibu.

Wakacheka, hata Kufuli mwenyewe, mpaka chai ikampalia. Baba akapanga ratiba, maana kila mmoja alikuwa anavutia kwake.

Yaliyofuata, mpaka leo tukiyawaza tunabaki midomo wazi. Mgonjwa alipewa kadi moja, ikasomwa milango yote minne. Mwenye ujuzi wa watoto akaletewa watoto wa wenzake, mwenye ujuzi wa kisukari akaletewa wenye kisukari, wala hakuna aliyelia kwamba ameibiwa mteja. Wakaajiri muuguzi mmoja kwa pamoja awazungukie waliojifungua na wazee majumbani. Siku jokofu la Daktari Kufuli lilipokufa, chanjo zake zilivushwa barabara kwenye masanduku ya barafu, mbele akitangulia hasimu wake wa zamani akisimamisha magari kwa mikono miwili. Watu wa sokoni waliacha kuuza wakasimama kutazama. Umoja ni nguvu tunausema kila siku, lakini wao waliuona ukivuka barabara. Tangu hapo hakuna Jumapili ambayo barabara ile ilikosa daktari.

Mwaka jana moyo wa Mama ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Aliyemtibu kwa karibu ni Daktari Kufuli, na walibishana kila asubuhi. Kifo hakikumtisha Mama. Kilichomnyima usingizi ni jambo moja tu.

"Jumapili yangu ataishika nani? Mlango mmoja ukifungwa, na mingine itafuata."

"Pumua kwanza, wewe," Kufuli alimwambia, akajifanya anasoma kipimo cha presha. Mama aliondoka na swali hilo. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja, na wagonjwa ambao hatuwezi kuwamaliza kuwataja.

Wengi mmetuuliza Daktari Kufuli yuko wapi, na kwa nini nafasi yake mbele ya jeneza iko tupu. Asubuhi ya leo tulimfuata nyumbani, hatukumkuta. Tulimkuta zahanati kwa Mama, ameketi kwenye kiti chake, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, macho mekundu, na kwenye benchi wagonjwa wamejaa. Tukamwomba angalau saa moja tu.

"Leo Jumapili, na ni zamu yake," alisema. "Nikifunga huu mlango nije makaburini, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Kisha akaita mgonjwa anayefuata.

Mama, umesikia jibu lako. Zamu yako imeshikwa. Sasa pumzika, mama yetu, pumzika kwa amani.