Bahasha Ambayo Wilma Hakuifungua

Ndani ya basi la mji wa Toledo, Marekani, akielekea ofisi ya bima, Wilma, mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikuwa akijaza fomu ya bima ya dawa ya serikali. Mzee aliyeketi kando yake akachungulia jina la kiwanda kwenye fomu. "Dada, kiwanda bado kinakulipia dawa?"

"Ndiyo, mimi na mume wangu. Ila nasikia nikichelewa kujiunga na bima ya serikali, nitatozwa faini."

"Kila mwaka kiwanda huleta barua. Ikisema bima yao si duni kuliko ya serikali, hutozwi faini hata ukichelewa. Lakini ukijiunga na ya serikali, huenda kiwanda kikawafuta nyote wawili kwenye bima yake."

Wilma akafikiria insulini ya mumewe, kalamu ikasimama. "Ile bahasha? Nilidhani tangazo, nikaitupia kabatini."

Akabonyeza kengele ya kushuka.

"Ofisi ya bima bado mbali," mzee akasema.

"Najua," akajibu Wilma akitabasamu. "Narudi nyumbani kuisoma ile barua kwanza."