Saa Elfu Moja za Hedimasta

Benchi letu liko nje ya duka la chakula cha mifugo hapa Tolliver, Missouri, ubavuni mwa mzani wa malori, na kahawa ni ya bure mradi ujimiminie mwenyewe na usiulize imepikwa lini. Kila asubuhi tupo. Kuna Orval, tunayemwita Shemasi kwa sababu ndiyo kazi yake pale kanisani kwa Wabaptisti. Ana andiko kwa kila jambo, hata kwa matairi. Kuna Vernon, Jaji, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu maishani, akiwa mmoja wa wale raia kumi na wawili wa kusikiliza kesi ya ng'ombe, na tangu siku hiyo anatoa hukumu. Mimi ni Honi. Nimeendesha basi la njano la shule miaka ishirini na sita, na kwenye geti la Joel Tackett sikuwahi kukanyaga breki hata siku moja, maana watoto wake tisa wanasomea mezani jikoni kwao. Linaniuma mpaka leo, sifichi. Joel mwenyewe tunamwita Hedimasta. Jumanne ile ya mwisho wa Mei alikuja na daftari kubwa kwapani, uso umemshuka.

HEDIMASTA: Wazee, nisaidieni. Saa zimenipiga chenga.

JAJI: Saa gani tena? Nunua nyingine.

HEDIMASTA: Saa za masomo, Jaji! Jimbo linataka saa elfu moja za masomo kwa mwaka, na mwisho wa Juni ndio mwisho wa mwaka. Daftari alikuwa analijaza mke wangu Marilee. Tangu daktari amwambie alale kitandani hadi huyu wa kumi azaliwe, hakuna mtu aliyeandika hata mstari.

MIMI: Mngewapandisha kwenye basi langu, saa zingejihesabu zenyewe.

SHEMASI: Honi, umeshastaafu, basi limeuzwa, na bado unapiga honi. Muache mwenzio. Hedimasta, Kezia vipi? Mtihani wake si Jumamosi hii?

Hapo Joel akasahau shida yake. Shingo ikarefuka. Kezia ndiye binti yake wa kwanza, ana miaka kumi na saba, na ule ulikuwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Tulikuwa tumeshausikia tangu Krismasi.

HEDIMASTA: Jumamosi saa tatu asubuhi. Kezia simwazii kabisa, mzee wangu. Yule moto! Alijua kusoma ana miaka minne, mapajani kwa mama yake. Mtihani ndio umwogope yeye. Mimi nawaza hawa wadogo.

JAJI: Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MIMI: Kwa hiyo ulimwengu ndio mimi na basi langu?

JAJI: Umesema mwenyewe. Hedimasta, fungua daftari. Wametenda nini watoto hawa tangu Pasaka? Sema kweli tupu.

HEDIMASTA: Jana mbuzi kazaa mapacha. Watoto wote walikuwa zizini tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana.

JAJI: Sayansi. Saa nne. Andika.

MIMI: Kumtazama mbuzi ni sayansi? Mimi nimetazama mbuzi maisha yangu yote!

JAJI: Na hukuandika. Ndiyo maana ukaishia kuwa dereva.

Wakacheka, na mimi nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Joel akawa anaandika kwa kasi, kalamu inakwaruza.

SHEMASI: Jumapili mnakaa kanisani saa tatu. Nyimbo ni muziki, hilo halina ubishi. Mahubiri ni historia.

MIMI: Historia ya nini? Mchungaji wetu wiki tatu anahubiri juu ya mashine yake ya kukatia majani!

SHEMASI: Hiyo ni ufundi. Andika ufundi.

HEDIMASTA: Loo, ahsante Shemasi. Na chapati za maji za Jumamosi? Kezia anawapikia watu kumi na mmoja.

JAJI: Mayai mangapi?

HEDIMASTA: Ishirini na mbili.

JAJI: Kuzidisha! Hesabu safi kabisa. Kila aliyekula yai amefanya hesabu. Andika saa moja kila mtoto.

MIMI: Hata wa nepi?

JAJI: Haba na haba hujaza kibaba, Honi. Huyo wa nepi ndiye haba.

HEDIMASTA: Lois alishona viraka kwenye suruali za wenzake wote.

SHEMASI: Kikulacho ki nguoni mwako! Weka kwenye elimu ya wadudu.

MIMI: Wadudu? Shemasi, kasema viraka!

SHEMASI: Viraka vinatokana na matundu, na matundu yanatokana na nini? Fikiri, bwana.

Kufika hapo kahawa yangu ilikuwa imepoa, na mimi nimekasirika hasa. Lakini ukikaa benchi lile, kukasirika nako kunachosha, unaona bora uingie mchezoni. Nikaingia.

MIMI: Haya. Nyumba yenu ina choo kimoja, si ndiyo? Watu kumi na mmoja wanapanga foleni kila asubuhi, wanasubiriana, wanabishana nani aliwahi, wanapiga kura. Hiyo ni elimu ya uraia. Nusu saa kila siku, tangu Pasaka.

HEDIMASTA: Honi! Mungu akubariki!

JAJI: Mahakama inakubali. Na lile gari lenu la viti kumi na vitano lililotumbukia mtaroni?

HEDIMASTA: Tulilisukuma saa mbili nzima.

JAJI: Fizikia.

SHEMASI: Subirini, mnaokota punje na gunia liko wazi. Watoto wanalala saa ngapi kwa siku?

HEDIMASTA: Tisa hivi.

SHEMASI: Yakobo alilala jangwani, jiwe chini ya kichwa. Akaona ngazi, akaona malaika, akasikia sauti ya Mungu. Alipoamka alikuwa mtu mwenye elimu. Hakufungua kitabu hata kimoja! Andika saa tisa kila usiku.

MIMI: Thubutu!

JAJI: Ngoja, ngoja, nahesabu. Tangu Pasaka... kwa hukumu hii, Silas mwenye miaka kumi anamaliza shule Alhamisi, na yule wa nepi anaingia chuo kikuu Septemba.

Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia dirishani. Joel naye alicheka, machozi yakamtoka, uso umerudi mahali pake. Kurasa zilikuwa zimejaa wino. Alikuwa mtu aliyeokoka kwa mara ya pili.

Muda wote huo mwanamke mmoja alikuwa anashusha magunia ya chakula cha kuku kutoka kwenye lori. Dereva mgeni, hatujawahi kumuona njia hii. Kwenye shati lake pameandikwa Twyla. Alimaliza gunia la mwisho, akajimiminia kahawa, akaegemea nguzo.

SHEMASI: Karibu, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

TWYLA: Ahsanteni. Nimesikia habari za shule. Sasa hivi watoto wako na nani?

HEDIMASTA: Kezia yuko nao. Wote wanane. Anawafundisha kama profesa! Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, kisha anafua, kisha anapika, kisha anamwogesha mdogo. Tangu mama yake alale hajalalamika hata siku moja.

TWYLA: Huyo wa mtihani?

HEDIMASTA: Huyo huyo.

TWYLA: Na yeye anasoma saa ngapi?

Alikuwa haulizi kwa ubaya. Alipuliza kahawa yake, akasubiri. Joel akafunua daftari mpaka ukurasa wenye jina la Kezia. Mistari ya juu ilikuwa mwandiko wa Marilee, mzuri, wa kulalia upande. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Machi. Tangu asubuhi tulikuwa tumewagawia wadogo mamia ya saa, na hakuna aliyekumbuka zile saa saba Kezia anazowafundisha kila siku, wala kumwandikia yeye hata kwa zile chapati.

SHEMASI: Kufundisha ni... imeandikwa...

JAJI: Nyamaza, Orval.

Sikumbuki lini nilimsikia Jaji akimwita kwa jina. Mimi niliona aibu, naapa. Miaka yote nimepiga kelele kwamba wale watoto wanasomea jikoni, na sikuwahi kuuliza nani amesimama pale jikoni.

Joel akapiga simu nyumbani. Ile simu yake ina sauti ya kuamsha mtaa, tulisikia kila neno. Nyuma kulikuwa na mtoto analia na mwingine anataja jedwali la kuzidisha kwa saba.

KEZIA: Baba? Mama yuko sawa, usiwe na wasiwasi.

HEDIMASTA: Mwanangu, mtihani wa Jumamosi. Umefika wapi na vitabu vyako?

Akajibu taratibu, kama anayemwambia mgonjwa.

KEZIA: Baba, niliwapigia watu wa chuo Ijumaa. Nikawaambia sitakuja, labda mwakani. Nilikuwa nakutafutia wakati mzuri nikuambie.

Twyla akaangalia pembeni. Joel alisimama.

HEDIMASTA: Wapigie tena. Sasa hivi, mama, kabla hujafanya kitu kingine. Waambie Jumamosi unakuja, na baba yako ndiye atakayekuleta. Wakikataa, nipe namba niongee nao mwenyewe.

KEZIA: Na wadogo?

HEDIMASTA: Wadogo wana baba. Naja. Kuanzia leo nafundisha mimi, wewe funga mlango usome.

Tukasikia pumzi ndefu, na sauti yake ikapasuka kidogo alipowageukia wenzake: "Jamani, tulieni! Baba anakuja kuwafundisha!"

Ndipo Silas akauliza, karibu kabisa na simu: "Kufundisha nini?"

Joel akatutazama. Shemasi akatazama viatu vyake. Jaji akanitazama mimi, mimi nikamtazama Jaji.

— Naja, Joel akamwambia Silas, na akakimbilia gari.