Lorna Hautala na Kidonge cha Njano

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mimi ni Paulette Zupancich. Najua kumbukumbu ya marehemu husomwa kwa sauti ya chini. Leo sitaweza, mnisamehe. Maisha ya mwanamke huyu ukiyasimulia kwa kunong'ona utakuwa umemdhulumu.

Lorna Hautala amefariki. Amefariki Alhamisi iliyopita, hapa hapa Ketola, akiwa na miaka sabini na minane. Alikunywa supu yake ya samaki, akaegemea kiti, akalala. Hakuamka.

Wengi wenu mnamjua Lorna kwa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile cha wawindaji wa paa. Lorna hakuwahi kuwinda hata sungura. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtoa dawa katika makao ya wazee ya Birch Hill. Nasema tena: miaka thelathini na mmoja. Alipovaa kizibao kile na kushika toroli ya dawa, ilikuwa marufuku kumsemesha. Asiulizwe chakula, asiulizwe hali ya hewa, asiulizwe hata kama nyumba inaungua.

"Ukimsemesha mtu anayehesabu vidonge," alikuwa akisema, "unakula njama na jeneza."

Na wazee, kwa kuwa ni wazee, walimchokoza kila siku. Mzee Arvo Salmela, mchimba madini mstaafu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa maasi. Lorna hakumpa mtu dawa kabla hajataja jina lake na tarehe aliyozaliwa. Hata kama alikuwa amemjua miaka kumi. Hata kama walikuwa wametoka kucheza karata pamoja.

"Jina lako?"

"Bibi wewe, jana umenishinda karata, leo hunijui?"

"Jina lako, mzee."

"Mimi ni Malkia wa Uswidi."

"Malkia hana dawa kwangu. Nampita."

"Haya, haya, rudi! Arvo Salmela. Juni kumi na nne, elfu moja mia tisa ishirini na saba. Mwanamke ana roho ya chuma huyu!"

Kuna aliyedhani ni ukali tu. Haukuwa ukali. Binti yake, Krista, alinieleza juzi jambo ambalo Lorna mwenyewe hakulificha kamwe. Alianza kazi ile mwaka 1985, akitokea jikoni mwa shule. Mwezi wa tatu tu, alimpa mzee mmoja vidonge vya kushusha presha vya mzee mwingine. Walikuwa wanaitwa jina moja la kwanza, wamekaa meza moja. Mzee wa watu alianguka kifudifudi kwenye uji wake. Alipona, lakini Lorna hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwa mkuu wa makao na kusema, "Ni mimi. Nilimpa mimi."

"Mama alidhani atafukuzwa," Krista aliniambia. "Hawakumfukuza. Alirudi nyumbani akakaa kwenye gari saa nzima. Kisha akaingia ndani akasema, 'Kuanzia kesho watanichukia, lakini watanitajia majina.'"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawapeleka kwenye Jumanne moja ya Januari, mwaka 2011. Na niseme mapema ili msije mkasema nilificha: mama yangu mzazi, Albina Zupancich, yumo katika habari hii. Kwa hiyo msinitarajie nisimulie kwa utulivu.

Theluji ilikuwa imeshuka siku mbili mfululizo. Lorna alikuwa na mapumziko Jumapili na Jumatatu. Jumanne aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja kasorobo alivaa kizibao, akafungua toroli aandae dawa za saa mbili, akachukua pakiti ya Mzee Arvo. Siku zile dawa zilifika kutoka duka la dawa zikiwa zimeshapangwa ndani ya vipakiti vidogo, kila kimoja na siku yake. Kazi ilikuwa kuchana na kumpa mtu.

Lorna hakuchana. Alihesabu kwanza, akitazama kupitia karatasi nyembamba ya pakiti. Vidonge vitano. Kwa kawaida, Jumanne Mzee Arvo alikuwa na vinne.

Cha tano kilikuwa kidogo, cha njano. Alikijua. Ilikuwa dawa ya baridi yabisi, ya vile viungo vyake vilivyopinda. Dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Sikilizeni vizuri: mara moja kwa wiki. Arvo aliimeza kila Jumapili. Ukiimeza kila siku, inakuharibia damu, mdomo unachubuka, na kwa mtu wa umri ule kaburi haliko mbali.

Akatoa pakiti ya Jumatano. Njano. Alhamisi. Njano. Wiki nzima ilikuwa na njano!

Akampigia simu muuguzi mkuu, Doreen Pelkey, aliyekuwa amezuiwa na theluji nyumbani kwake. Doreen bado yupo, tunamshukuru Mungu, na ameniruhusu niwaambie maneno yenyewe.

"Lorna, pakiti imefungwa na mfamasia," Doreen alimwambia. "Pengine daktari amebadilisha. Mpe tu."

"Karatasi ya daktari iko wapi?"

"Itakuja. Mpe."

"Mimi sitoi."

"Lorna!"

"Andika kwamba nimekataa. Andika na saa. Sitoi."

"Nilikasirika," Doreen aliniambia. "Nilimwambia, wewe ni mtoa dawa, wewe si daktari. Akanijibu, 'Ndiyo maana nauliza. Ningekuwa daktari ningejiona najua.' Nilikuwa nimekosea, Paulette. Sioni haya kulisema redioni."

Duka la dawa lilikuwa halifunguliwi hadi saa tatu. Lorna hakungoja. Akapiga namba ya kituo cha ushauri kuhusu sumu, ile iliyobandikwa ukutani. Mtu wa kule alipoisikia tu dawa yenyewe, sauti yake ilibadilika. Akasema: acheni mara moja, na yeyote aliyekwisha kumeza ya ziada apelekwe hospitali akapimwe damu leo hii. Arvo alikuwa amemeza Jumapili, kama kawaida, na Jumatatu kwa mkono wa mtoa dawa wa zamu. Moja ya ziada. Doreen, alipoambiwa hayo, alisema neno ambalo siwezi kulirudia hewani, kisha akasema, "Nampigia daktari sasa hivi."

Hapo mtu mwingine angekaa chini akanywa kahawa. Mtu wake amepona, kazi imekwisha.

Lorna alibaki amesimama na simu mkononi. Duka lile moja lilikuwa likifungia dawa makao saba. Kama kosa limetokea kwa Arvo, limetokea kwa nani mwingine? Na kila mahali dawa za asubuhi hutolewa saa mbili, pamoja na kifungua kinywa. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika kumi.

Akaanza kupiga simu. Makao ya kwanza: hawana mtu wa dawa hiyo. Ya pili: wanaye mmoja. "Fungua pakiti unisomee," Lorna alisema. "Njano ipo? Usitoe! Weka pembeni, mpigie daktari wake." Ya tatu: hawana. Ya nne: wanaye mmoja, na kijiko cha dawa kilikuwa njiani! Ya tano: hawana. Dakika ishirini na tano, makao matano.

Yakabaki ya Bev Stanich.

Bev alikuwa na nyumba ndogo ya wazee wanne, maili tisa nje ya mji, barabara ya ziwani. Mmoja wa wale wanne alikuwa mama yangu, na Lorna alimjua vizuri. Miaka themanini na mitatu, viungo vimepinda, na figo moja tu, kwa maana ya pili ilitolewa zamani. Dawa ile hutolewa mwilini na figo, wasikilizaji. Mama yangu alikuwa na moja. Siku yake ya kumeza ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo alikuwa amemeza Jumamosi, halali yake, akameza Jumapili, akameza Jumatatu.

Lorna akapiga simu kwa Bev. Haikuita. Barafu ilikuwa imekata waya. Simu ya mkononi kule haishiki hata wakati wa kiangazi. Akapiga polisi: gari lao la karibu lilikuwa limekwama kwenye ajali, upande wa pili wa wilaya. Saa moja na dakika arobaini na moja.

Ndipo Lorna akakumbuka kwamba asubuhi kama ile kuna mtu mmoja tu anayepita barabara ya ziwani. Akapiga karakana ya wilaya. Wakamuunganisha kwa redio ya upepo na Gordie Rasku, dereva wa greda la theluji.

"Gordie, uko wapi?"

"Kwenye njia panda ya kanisa. Nani huyu?"

"Lorna Hautala. Nenda kwa Bev sasa hivi. Mwambie asimpe Albina kidonge cha njano."

"Mama wewe, mimi nazoa theluji, sipeleki salamu."

"Gordie, saa mbili atameza. Ana figo moja. Akimeza huenda tukamzika."

Gordie amenisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara anasimama wima akifika hapa. Alisema alinyanyua lile bapa la chuma la mbele, linalosukuma theluji, ili aende kwa kasi. Kisha akakuta theluji ya kimo cha mlango, akalishusha tena. Maili nne. Alibonyeza honi njia nzima, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpisha. "Nilikuwa naogopa," aliniambia. "Honi ilinisaidia."

Aliingia kwa Bev bila kubisha. Buti za theluji, kofia, barafu kwenye ndevu.

"Viatu!" Bev akapiga kelele. "Gordie Rasku, zulia langu!"

"Usimpe! Usimpe! Cha njano usimpe!"

Bev alikuwa ameshika kijiko. Ndani ya kijiko kulikuwa na matofaa yaliyopondwa, na juu yake vidonge vya mama yangu, na cha njano kimekaa juu kabisa. Mama alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Gordie juu hadi chini.

"Huyu mlevi ni nani?"

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika mbili.

Gari la wagonjwa lisingeweza kupita. Kwa hiyo mama yangu alipelekwa hospitali ndani ya greda la theluji, koti la Bev juu ya gauni la kulalia, huku Gordie akisafisha barabara mbele yao. Mama alimlazimisha Gordie amwachie honi. Madaktari walimweka siku kumi na moja. Mdomo wake ulichubuka, damu yake ilishuka, kuna usiku walituita sisi watoto tukakae karibu. Kisha ikapanda. Aliishi miaka tisa zaidi! Miaka tisa! Aliwaona vitukuu watatu. Alinifundisha kuoka mkate wa kukunja wenye kokwa za jozi, na alikufa akisema bado naukunja vibaya.

Watu wanne walikuwa na kidonge kile mwezi ule. Wote wanne waliishi. Mzee Arvo alitoka hospitali baada ya siku mbili, na asubuhi iliyofuata Lorna alipomuuliza jina, alilitaja lote, na la baba yake, na la babu yake, akapiga saluti.

Mwenye duka la dawa alikuja mwenyewe Birch Hill, kofia mkononi. Lorna hakumfokea. Alisema, "Niliwahi kukosea na mimi. Keti tuzipange dawa upya." Wakaketi. Tangu wiki ile, kidonge cha mara moja kwa wiki kilifungwa peke yake, katika karatasi nyekundu, siku imeandikwa kwa herufi kubwa. Makao yote saba yakafuata.

Wilaya ilitaka kumpa ngao. Sherehe ilipangwa saa mbili asubuhi. Lorna akajibu kwamba saa hiyo ana shughuli.

Miaka miwili ya mwisho yeye mwenyewe aliishi Birch Hill, chumba cha saba, naye akawa wa kupewa dawa. Watoa dawa walimwogopa kuliko mkaguzi wa serikali. Na Ijumaa, asubuhi baada ya kifo chake, wazee wa chumba cha kulia walifanya jambo ambalo hakuna aliyewatuma. Toroli ilipofika, kila mmoja aliziba mdomo kwa mkono na kuuliza: hiki ni cha nini? Na hiki? Nani kaandika? Mtoa dawa alichelewa saa nzima na nusu. Kahawa ikapoa, mayai yakapoa. Alimpigia Krista akilia na kucheka: "Wamenimaliza! Lakini hakuna aliyekosewa."

Krista, na nduguyo Dale, na wajukuu, poleni. Poleni sana. Ibada ni Jumamosi saa nne, kanisa la Kilutheri, na kahawa katika ukumbi wa chini baada ya mazishi.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, mna wazazi. Leo mpigie mmoja. Mwambie afungue kabati la dawa akusomee kila chupa: ni ya nini, ya saa ngapi, ya siku gani. Atakuuliza kama unamwona mtoto. Atakuambia ushughulike na yako. Atakasirika.

Mwache akasirike. Amekasirika kwa kuwa yuko hai.