Waliolitunza Zege la Bi Ghadir

Kijiwe cha Isevya ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali ya kuchoma, na kinatazamana na geti la Bi Ghadir, mjane anayenunua asali kwa warina wa Usinge na kuiuza mjini Tabora. Asubuhi hiyo ya Oktoba, saa tatu tu na jua limeshakuwa kali, wazee watatu walikuwa wanakunywa kahawa huku wakitazama ng'ambo ya barabara. Huko fundi Octavian alikuwa amepiga magoti, nyundo na tindo mkononi, akichimbua nyufa kwenye zege la kuingilia gari. Zege lenyewe lilikuwa na wiki tatu. Bi Ghadir alishasema: leo anakuja fundi mwingine kulikagua, na ikionekana Octavian ameboronga, sakafu ya ghala jipya la asali atapewa huyo mwingine.

Salmini, mstaafu wa reli ambaye kijiwe kinamwita Behewa, alikuwa anasikia kila pigo la nyundo kama linapigwa mgongoni mwake. Alikuwa na sababu. Jioni ya siku lile zege lilipomwagwa, Octavian alipigiwa simu kutoka Puge: mama mkwe amefariki. Zege bichi lilitakiwa limwagiwe maji siku saba, lisikaushwe na jua haraka. Kijiwe kizima kikasimama. Nenda kazike, baba, msiba wako ni wetu, zege tutalitunza. Salmini akapewa asubuhi, Eustace mchana, Ngollo jioni. Salmini alimwaga siku ya kwanza. Siku ya pili kiuno kilimkamata, akajiambia wenzake wawili wanatosha. Siku ya tatu kiuno kilipona, lakini lile wazo halikuondoka.

— Chanzo ni treni, — alisema Ngollo, muuza kahawa, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi. — Ya Kigoma ikipita, hata vikombe vyangu vinagongana.

— Redio, reli iko kule! — Salmini alimjibu. — Vikombe vyako vinagonganishwa na mikono yako.

— Basi sema wewe, Behewa, uliyelala na treni miaka yote.

Salmini alikohoa kidogo.

— Reli huachiwa nafasi, ipate kujinyoosha kwenye joto. Labda na zege hivyohivyo.

Alijisikia vibaya kidogo. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na lawama yake ilimwangukia Octavian.

— Hapana, — alisema Eustace, aliyetunza stoo ya vitabu vya shule miaka thelathini, akatoka na jina la Profesa. — Hapo ndipo misafara ilipopita. Wapagazi kwa maelfu, mizigo kichwani, kwenda pwani na kurudi. Ardhi iliyozoea kukanyagwa, ukiifunika inadai hewa. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa miguu, Redio. Tulia.

Ngollo aliweka birika chini, akasogeza kofia nyuma. Akifanya hivyo, wenzake walijua limepatikana kubwa zaidi.

— Misafara ilibeba nini? Pembe za ndovu! Sasa mpagazi kachoka, kazika pembe palepale, kafa na siri yake. Ile pembe inaota.

— Inaota? — aliuliza Salmini.

— Si jino? Jino la mjukuu wako halioti?

— Mjukuu wangu yuko hai, Ngollo! Ndovu alikufa kabla ya babu yako!

— Kufa kwa ndovu si kufa kwa pembe. Na mimi ningekuwa Bi Ghadir nisingeziba kitu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ukuta anao tayari, unazunguka nyumba nzima. Ufa wa nini auzibe?

Walicheka, hata Salmini alicheka, na ng'ambo nyundo ikanyamaza. Pikipiki ilikuwa imesimama getini, akashuka mwanamke wa makamo mwenye suruali ya kazi. Ndiye Levina, fundi kutoka Nzega. Alimsalimu Bi Ghadir, akampa Octavian mkono, kisha akachuchumaa. Hakupima chochote. Alikwaruza zege kwa kucha, akaitazama ile kucha, nyeupe.

— Linatoa unga, — alisema. — Lilimwagiwa maji siku ngapi?

— Saba, dada, — Octavian alijibu bila kusita. — Mimi nilikuwa msibani. Zamu walishika wale wazee wangu pale. Waulize.

Alisema kwa fahari. Hilo ndilo lililomchoma Salmini kuliko nyundo zote. Levina alivuka barabara.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti.

— Siku ya tatu, maji alimwaga nani?

Swali lilikuwa dogo hivyo. Ngollo alimtazama Eustace. Eustace alimtazama Salmini. Salmini alitafuta pa kutazama, akakuta macho ya wenzake wawili, na ndani yake akaona kisingizio chake mwenyewe, kile cha kiuno.

— Mimi nilijua asubuhi na jioni zinatosha, — alisema Eustace polepole.

— Na mimi nilijua nyie mmeloanisha mchana kutwa, — alisema Ngollo. — Na maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye busara hayamwagi ovyo.

Salmini aliinuka. Barabara ile ya hatua ishirini aliivuka kama anakwenda Kigoma kwa miguu, akasimama mbele ya Bi Ghadir.

— Bi Ghadir, fundi hana kosa. Tulimwahidi maji, tukampa maneno. Mimi nilimwaga mara moja tu.

Octavian aliweka tindo chini. Levina alitikisa kichwa, akasema kazi ya mwenzake ni safi, lililokosekana ni maji, nyufa zinazibika. Kazi ya ghala, akaongeza, si yake yeye. Bi Ghadir alitengeneza ushungi wake taratibu, akawatazama wazee wote watatu, aliyesimama na waliobaki kwenye ubao.

— Zege la ghala atamwaga Octavian, — alisema. — Ila msiba ukitokea tena, wazee wangu, nendeni ninyi mkazike. Yeye abaki na zege.