Mkono wa Mzee Yotamu na Mwiba wa Dakika ya Nne

Tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mzee Yotamu Kihwele anavua koti jeupe la maabara yetu ya Iringa. Alianza kwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa fundi sanifu mkuu.

Mwaka 1974 tuliletewa mashine ya gesi ya kupimia sumu kwenye vyakula, yenye mrija wa kioo mwembamba mno. Sampuli yake, inayoingizwa kwa sindano, hailoweshi hata mguu wa nzi. Ukiisukuma sindano kwa kusitasita, mchoro kwenye karatasi unatanuka kama kichuguu, na sumu mbili husomeka moja. Mzee Yotamu alichoma na kuchomoa kufumba na kufumbua; mchoro wake ulisimama kama mwiba. Sisi alitufundisha kwa kugonga kijiko mezani, tufuate mapigo.

Machi 1976 yaliletwa maharage kutoka Idodi, ambako watu wanne wa nyumba moja walikufa siku moja. Mashine ilionyesha dawa ya sumu ya kuhifadhia mbegu, mwiba wake ukisimama dakika ya nne. Kisha Mzee akaingiza kimiminika kitupu, kisicho na sampuli, kuhakiki. Mwiba uleule ukasimama, dakika ileile ya nne. Alibadilisha mpira wa tundu la kuchomea, akabadilisha sindano. Siku ya tatu bado ulikuwepo. Mfagizi wetu aligoma kuingia chumba kile, akisema marehemu wamemfuata aliyefungua mfuko wao. Hatukumcheka.

Ndipo msaidizi wake, Benedicta, akaingiza yeye. Karatasi ikatoka safi. Akaingiza Mzee: mwiba.

“Mzee, mwiba unakufuata wewe,” Benedicta alisema kwa sauti ndogo.

Mzee aliitazama mikono yake, kisha leso aliyozoea kufutia ncha ya sindano. Jumamosi alikuwa amefungia humo konzi ya maharage dukani, ili mkewe, Kalista, ayaone kabla hawajanunua debe.

“Sumu ni ya maharage ya leso hii, na Kalista anayapika leo,” alisema, akatoka na baiskeli bila kuvua koti.

Alikuta wajukuu wamekwisha kunawa, bado hawajala. Alikibeba chungu cha moto kwa mikono mitupu, akaenda kukifukia na vilivyomo.

Benedicta alirudia kipimo cha Idodi kwa sindano safi: sumu ilikuwepo kweli. Mzee aliandika ripoti viganja vikiwa vimefungwa bendeji, na magunia mengine ya mwenye duka aliyemuuzia Mzee yakakamatwa kule Nyololo kabla hayajaliwa.

Mzee wetu, asante kwa kutoitupa karatasi iliyotutisha sote. Wewe na Mama Kalista tunawatakia afya, mvua za wakati, na mlo wa amani.

Silvester, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako